Mipira Ishirini na Mtamba wa Mwanangu

Mwanangu alipoondoka kwenda Uarabuni kulinda maghala ya watu, alituachia ndama jike aliyekuwa bado ananyonya. Asubuhi ya kuondoka aliingia zizini na viatu vyake vipya, akamkata ndama yule sikio la kulia kwa kisu cha baba yake, alama ya nyumba yetu, kisha akaja jikoni kuniaga huku kidole chake kimoja kikiwa na damu. Aliniambia, "Mama, huyu ni wangu. Msimuuze. Nikirudi nitamkuta amezaa, na ndama wake nitamtia alama mimi mwenyewe." Nilimwambia afute damu asije akachafua shati. Hayo ndiyo maneno niliyomuaga nayo, kwa maana mtu hajui ni neno gani atakalobaki nalo.

Ninaishi Endarasha, ambako upepo hushuka kutoka milima ya Nyandarua na kuunguza majani ya viazi kama maji ya moto. Sikusoma. Hesabu nilijifunza kwa magunia, na tarakimu nilizijua kwa kuzitazama kwenye noti na kwenye milango ya maduka. Anayeandika haya ni mjukuu wangu, aliyepewa jina langu kama desturi yetu inavyoagiza. Ndiyo sababu babu yake humwita mke wake mdogo na kumdai chai. Juzi nilimsikia mjukuu huyu akimwambia mwenzake kwenye simu kwamba keno ni mchezo tu, kwamba mtu huchagua nambari na kungoja. Nilimwamuru akate simu na achukue kalamu. Namna mchezo huo unavyochezwa ninaijua, nami nitaieleza yote. Lakini nitaieleza nikimfuata yule ndama aliyekua mtamba, kwa kuwa ndivyo ilivyonifikia.

Mwanangu alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Hakuwa na mengi ya kusema. Aliuliza kama mvua imenyesha, akauliza mtamba amefika kimo gani, akamsalimu kila mtu, kisha salio likaisha. Halafu Jumapili moja simu haikulia. Tulisema ni mtandao. Jumapili iliyofuata tulisema ni kazi. Tulipofika msimu wa kupanda viazi tulikuwa tumeacha kusema kitu. Wakala aliyempeleka alikuwa amehama ofisi, na ofisi yake ya zamani ilikuwa ikiuza magodoro. Mimi nilibonyeza simu kila asubuhi, na kila asubuhi yule mwanamke aliye ndani yake alinijibu kwa adabu kwamba ninayemtafuta hapatikani. Wakati huo mtamba alikuwa amekwisha kupandwa, na tumbo lilikuwa limeanza kushuka.

Ndipo mzee wangu akaanza safari za Nyeri mjini. Huyu ni mzee wa kanisa, mtu anayetumia maneno kidogo kidogo, kama anavyotumia chumvi. Mji aliuchukia maisha yake yote. Sasa kila siku ya soko alivaa koti lake la kijivu, akashika fimbo, akasema anakwenda kutafuta dawa ya kupe. Siku nyingine alirudi na kipande cha nyama, akipiga mluzi, akaenda moja kwa moja zizini kumkuna mtamba katikati ya pembe. "Kula, mama," nilimsikia akimwambia. "Mwenyewe yuko njiani." Siku nyingine alirudi kimya, akaketi juu ya gogo la zizi hadi chai niliyompelekea ikafanya utando. Siku za kimya zikaanza kuzipita siku za mluzi. Nami, bila kujua kilichokuwa kikiendelea, nilijikuta nikisimama mlangoni jioni na kutega sikio: anapiga mluzi au hapigi?

Asubuhi moja, akingoja uji, alisema bila kunitazama, "Mama watoto, mtamba nitamuuza."

"Mtamba yupi?"

"Kwani tuna wangapi?"

"Yule si wako."

"Wa nani? Anayemkatia majani ni mimi. Mali ya mtu ambaye hayupo haina mwenyewe."

"Nani amekuambia hayupo?"

Alikunywa uji wake wote kwa mkupuo, yeye ambaye kwa kawaida huupuliza mpaka nikachoka kumsikia. Alipoweka kikombe chini alisema kwamba dalali wa Karatina angepita Jumamosi.

Nilikwenda shambani, lakini jembe lilikuwa zito. Kumuuza mtamba yule kungekuwa sawa na kuchimba kaburi bila maiti. Ni nani angenunua kamba nyingine na kumfugia mwanangu mnyama mwingine? Na siku simu ikilia, nikiulizwa mtamba amefika kimo gani, ningejibu nini?

Siku ile ile jirani yangu, mwanamke anayepeleka kabichi Majengo, mtaa wa Nyeri, alinikuta kwenye mpaka wa shamba. Alizunguka sana kabla ya kutua. Alisifu viazi vyangu, akalaani upepo, kisha akasema, "Dada, usinikasirikie. Mzee wako nimemwona akiingia kwa mipira."

"Mipira gani? Magoti yake hayampandishi hata kitandani."

"Si ya kupiga teke. Ile ya nambari. Keno."

Mtu akisikia hivyo hufikiri pesa. Nilifikiri mzee wangu ameshikwa na tamaa ya uzeeni, kwamba ametumia ya viazi na sasa anataka kula hata ng'ombe. Nilikasirika, na hasira ilinifariji kidogo, kwa sababu ilikuwa nyepesi kuliko ile hofu nyingine. Kesho yake nilijaza kikapu mayai, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda Nyeri kuuona huo mchezo kwa macho yangu.

Nyumba ya mipira iko Majengo, si mbali na msikiti, kati ya kinyozi na mwanamke anayeuza makaa. Mlangoni pametundikwa pazia la plastiki la vipande vipande, kama la bucha. Nilisimama nje na kikapu changu hadi yule mwanamke wa makaa akaniuliza kama ninamngoja mwanangu atoke. Nilimwambia ndiyo. Sikuona kwamba nimesema uongo.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki, na ukutani skrini kubwa. Msichana wa kaunta alikaa nyuma ya wavu wa chuma, akijipaka rangi ya kucha. Aliniita kama wajukuu wanavyowaita bibi zao.

"Shosho, umepotea? Kanisa iko huko juu."

"Sijapotea. Nataka kujua mchezo huu unachezwa vipi."

Mwanamume mmoja wa mkokoteni, aliyekuwa bado amejitanda gunia begani kama shali, aligeuka kwenye kiti. "Shosho amekuja kutufilisi! Shosho, umeota nambari gani? Niambie mimi kwanza, nitakununulia soda."

"Nimeota mama yako akikutafuta."

Walicheka wote, naye akacheka kuliko wengine. "Huyo hahitaji kuota," alisema. "Anajua niko hapa."

Msichana alifunga kichupa chake cha rangi, akanionyesha ubao uliokuwa kando ya kaunta. Ninawaeleza alivyonieleza. Nambari ni moja hadi themanini, zimepangwa kwa mistari kama miche ya kabichi. Mchezaji huchagua zake. Anaweza kuchukua moja peke yake, anaweza kuchukua hadi kumi, wala si lazima zifuatane.

"Ni nani huchukua kumi?" nilimuuliza.

"Wenye haraka ya kuwa matajiri. Ukichukua kumi na zote zitoke, unaenda nyumbani na gari. Lakini mimi sijaona. Ukichukua mbili ama tatu, unaweza pata ya chai. Ukichukua moja, ni kama peremende ya kunyamazisha mtoto."

"Halafu?"

"Halafu unalipa, nakupea tikiti, unakaa chini. Ukishalipa hubadilishi, hata ulie. Mashine inapuliza mipira yote themanini, inatema ishirini. Zako zikiwa kwa hizo ishirini, umekula. Zikikosa, umeliwa."

"Na iliyokosa leo, kesho itafikiriwa?"

"Shosho, mashine haina kichwa ya kukumbuka. Kila mara inaanza upya. Nawaambia hawa kila siku, hawaamini."

"Tukiamini, wewe utalipwa na nani?" alisema yule wa mkokoteni.

Mlio ulisikika, wote wakageuza nyuso kwenye skrini. Niliona mipira ikichemka ndani ya chupa ya kioo kama mahindi ndani ya chungu, mmoja ukivutwa juu, mwingine, mwingine, kila mmoja ukiwa na tarakimu mgongoni. Hakuna aliyesema. Nimeona watu wakingoja mvua, nimeona wakingoja daktari atoke chumbani, na ukimya ulikuwa ule ule. Ulipotoka wa mwisho, wote walipumua kwa pamoja na tikiti zikaanguka sakafuni. Yule wa mkokoteni alikuwa amepata tatu kati ya nane, na tatu kati ya nane hazikumfaa kitu. Alisema zimemkaribia. Niliona kwamba neno hilo, kukaribia, ndilo linalowarudisha kila siku.

Nilimsogelea msichana wavuni. "Kuna mzee mmoja," nilianza, "wa koti la kijivu, ana fimbo..."

"Yule wa saba?"

Nilishika ukingo wa kaunta.

"Huyo namjua," alisema. "Anavua kofia kama ameingia kwa chifu. Anachukua nambari moja tu, saba, kila wakati saba. Nimemwambia, guka, babu yangu, ongeza hata mbili, moja hailipi. Anasema hakuja kulipwa. Anacheza mara moja, anaangalia, anaenda. Ikitoka anasahau hata pesa yake, mimi ndio namkimbiza nayo mlangoni. Hizi siku imemkataa." Aliniangalia. "Shosho, ni mzee wako? Ni mgonjwa?"

Lazima nieleze hapa, kwa kuwa vijana wa siku hizi hutamka lolote. Sisi tulikua tukiikwepa nambari ile. Tulipohesabu tulisema sita, kisha tukasema sita na mwenzake, kisha tukaendelea. Ilikuwa nambari ya wapiga ramli, na mtu wa kawaida hakuiweka mdomoni bila sababu. Watu nao hatukuwahesabu kabisa, wala mifugo. Anayehesabu hufungua mlango. Hata leo nikiulizwa nimezaa wangapi, hujibu kwamba ni hao unaowaona. Lakini tumbo la mama lina kumbukumbu yake. Huyu aliyekwenda Uarabuni ndiye aliyezaliwa nyuma ya wa sita.

Na baba mkwe wangu alikuwa mpiga ramli. Nilipoolewa nilimkuta angali hai, na kibuyu chake kidogo cha shingo ndefu kikining'inia juu ya kitanda. Watu walimjia na maswali: mgonjwa atapona? aliyesafiri atarudi? Alitikisa kibuyu, akamwaga mbegu juu ya ngozi ya mbuzi, akazigawa mafungu mafungu, na zile zilizosalia ndizo zilizojibu. Mzee wangu, angali mtoto, ndiye aliyeishika ile ngozi isikunjike. Baadaye alibatizwa, akawa mkali kuliko mchungaji, na baba yake alipofariki alikizika kibuyu pamoja naye na hakukitaja tena.

Hakuwa akicheza, basi. Alikuwa akiuliza. Ameiona chupa inayotikiswa na mbegu zinazotoka, akaingia, akavua kofia, akauliza juu ya mwanawe. Siku nambari saba ilipotoka alipiga mluzi. Sasa ilikuwa haitoki, naye alikuwa amepata jibu, na Jumamosi angemtoa mtamba kama mtu anavyotoa nguo za marehemu nyumbani.

Hasira yangu iliisha pale pale, na bila hasira nilikuwa sina cha kushikilia. Ningetoka. Badala yake nilitoa sarafu moja, nikaipitisha chini ya wavu. "Nipe hiyo moja."

"Ipi?"

"Hiyo ya mzee."

Niliketi na tikiti yangu. Nilijiambia kwamba ninajifunza mchezo ili nimwonye mtu, lakini tikiti niliishika kwa mikono miwili. Mipira ilianza kutoka. Niliziona tarakimu zikija kubwa kubwa, hamsini na kitu, sabini na kitu. Niliinuka kitini nilipoona mkunjo wa saba, kumbe ilikuwa na mwenzake pembeni. Ishirini zilitimia. Haikuwemo.

"Pole, shosho," alisema yule wa mkokoteni, na safari hii hakucheka. "Imekukaribia?"

Nilirudi Endarasha na mayai yangu. Nilikuwa nimekwenda kumkemea mtu, na sasa nilikuwa nimeambukizwa ugonjwa wake.

Hata hivyo mimi si mtu wa kukaa na hofu mikono ikiwa mapajani. Nilifikiri hivi: mzee anaiogopa mashine kwa kuwa iko mbali, ina taa na kioo. Nikimtengenezea mchezo ule ule hapa jikoni, kwa vitu anavyovijua, ataona kwamba hauna roho. Nilichagua maharagwe meupe mazuri, nikampa mjukuu wangu ayaandike nambari kwa kalamu, moja kwa moja hadi themanini.

"Shosho, yakishaandikwa tutayapikaje?" aliniuliza.

"Andika. Kupika ni kazi yangu."

Niliyatia ndani ya kibuyu nilichokuwa nikigandishia maziwa, kwa sababu sufuria ina mdomo mpana na mkono ungechungulia. Alasiri nilimwita mzee. Nilimwambia ninajua anakokwenda. Alitazama chini. Nilimwambia ninajua anauliza nini, na hapo ndipo alipoinua uso, na macho yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba nusura niyaache yote.

"Kaa," nilimwambia. "Nitakuonyesha kwamba ni maharagwe. Taja unayoitaka."

"Unaijua."

Aliketi kwenye kigoda. Nikatikisa kibuyu, maharagwe yakalia ndani yake, na mzee wangu polepole akavua kofia na kuiweka juu ya goti.

Hapo nikajua nilichokifanya. Nilikuwa nimemnyooshea kibuyu cha baba yake. Mashine ya Majengo ilikuwa imefanana nacho tu. Mimi, kwa werevu wangu, nilimletea chenyewe, na mbegu ndani, na swali lile lile. Nilitaka kusimama, lakini mchezo ukishaanza hausimamishwi na mtu. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani.

Nilitoa haragwe moja moja, na mjukuu wangu akasoma. Kumi na nne. Sitini na mbili. Tatu. Sauti yake ilianza imara, kisha ikapungua. Alipofika karibu na mwisho alinitazama kana kwamba ningeweza kuliona haragwe kwa vidole. Nilijaribu. Ninasema kweli, nilipapasa humo ndani nikilitafuta, kana kwamba wino una joto. La ishirini lilikuwa arobaini na moja.

"Hata kibuyu cha nyumbani," mzee alisema. Alivaa kofia yake. "Mama watoto, usijisumbue tena. Tumeambiwa." Akatoka kwenda kutafuta kamba.

Mjukuu wangu alianza kulia, nikamtuma kuni. Nilibaki peke yangu na kibuyu mapajani. Sikuwa na fikira yoyote. Mkono wangu uliendelea kutoa, kama mtu anavyoendelea kupukuchua mahindi ilhali kapu limejaa, nikaendelea kuyatazama na kuyaweka kwenye mkeka. Sikuhesabu. Kisha likatoka. Tarakimu moja, mstari na mkunjo wake, juu ya haragwe lisilo na tofauti na mengine isipokuwa tundu dogo la fukusi pembeni. Nililiweka kiganjani. Lilikuwa na ubaridi wa kibuyu.

Lilikuwa humo tangu mwanzo. Hakuna aliyelitoa, halikuliwa, halikupotea. Mkono uliokatazwa kupita ishirini ndio ambao haukulifikia.

Jumamosi dalali alikuja mapema, mtu mnene mwenye buti za mpira na mdomo usiofungwa. "Mama, usininunie," alisema akiwa bado langoni. "Ng'ombe wakiiona kamba yangu hutabasamu. Huyu anaenda kwa tajiri, atalala kwa saruji, vizuri kuliko wewe."

Mtamba alikuwa amekwisha kufungwa. Tumbo lake lilikuwa limeshuka, na chuchu zilikuwa zimeanza kujaa. Mzee alishika kamba karibu na shingo, amevaa lile koti la kijivu. Nilisimama kwenye mlango wa zizi na kibuyu mkononi.

"Ondoka mlangoni," alisema.

"Nitaondoka. Nijibu kwanza. Ile mipira ya Majengo ni mingapi?"

Dalali alitutazama, mmoja kisha mwingine. "Mipira? Ama mnauza na mpira pia?"

"Themanini," mzee alisema.

"Inayotoka?"

"Ishirini."

"Hiyo mingine huenda wapi?"

Alianza kuikaza kamba.

"Ulikuwa ukishika ngozi ya baba yako," nilimwambia. "Mbegu ambazo hazikumwagika alizifanya nini? Alizizika?"

"Zilibaki ndani."

"Zilibaki ndani. Kila mara sitini hubaki ndani, baba watoto. Mingi kuliko inayotoka. Imekufa?"

Niligeuza kibuyu, nikayamwaga maharagwe yote kwenye kiganja changu na kwenye samadi, sikujali. Nilikuwa nimeliweka lile la saba mahali nitakapolikuta, chini ya kidole gumba. Nilimwonyesha. Hasomi, lakini tarakimu hiyo alikuwa ameijua kuliko uso wake. Aliliangalia kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa ukipiga mabati. Mtamba, akidhani kiganja kina chumvi, alinyoosha ulimi.

"Jamani, mafuta ya gari nimetia mimi," dalali alisema. "Hii hesabu ya maharagwe ni ya wapi?"

Mzee wangu alilegeza fundo. Vidole vyake ni vigumu siku hizi, ilimchukua muda, wala hatukumsaidia. Alimrudishia dalali kamba yake ikiwa imekunjwa vizuri. "Samahani kwa safari," alimwambia. "Huyu si wangu kumuuza. Mwenyewe hajaitwa bado."

Dalali alisema maneno ambayo sitaki yaandikwe, kisha akakubali chai.

Mjukuu wangu anataka nimalizie hapo. Anasema panapendeza. Lakini mambo hayakuishia hapo, na anayedhani kwamba nilimponya mzee kwa maharagwe hajakaa na mwanamume miaka mingi. Siku za soko zikifika, humwona akilitazama koti la kijivu kwenye msumari. Mara moja alilivaa, akafika langoni, akasimama, akarudi kusema amesahau fimbo, na fimbo ilikuwa mkononi. Sikumuuliza. Mimi pia nina wangu: nikipita karibu na kibuyu kile mkono huwasha, kwa hiyo nimekitundika juu mahali ambapo lazima niombe ngazi.

Kwa hiyo mkitaka kujua namna ya kuucheza, mmekwisha kujua: chagua, lipa, keti, ngoja ishirini. Na ninyi mnaoucheza kwa kidole kwenye simu, mkisema mmekaribia, jiulizeni kwanza mnakaribia nini. Mashine hainyamazi kwa sababu inajua jambo. Inanyamaza kwa sababu imefika ishirini.

Mtamba alizaa wakati wa mvua ndefu, ndama jike, mwekundu kama mama yake. Mzee alikesha naye zizini. Majirani walikuja kuona, na kila mmoja aliuliza mbona masikio hayajatiwa alama, ndama asije akachanganyika na wa watu malishoni. Mzee huwajibu kwamba kisu ni butu. Si butu. Nimemwona akikinoa, akakijaribu kwa ukucha, akakirudisha darini.

Kila asubuhi ninabonyeza simu na kumsikiliza yule mwanamke hadi mwisho, simkatizi. Kisha ninakwenda zizini, ninamshika ndama sikio la kulia. Lilikuwa laini kama jani la mboga alipozaliwa. Sasa linaanza kukakamaa. Sikio likikomaa kisu huumiza, na damu hutoka nyingi. Ninalikanda kila siku kwa mafuta ya ng'ombe, ili lingoje.